Unaponunua Mashine ya Kutafutia Metali: Mambo ya Kujua Kabla Jembe Halijagusa Ardhi

Katika miezi ya karibuni ofisi yetu ya uhusiano na jamii imepokea maswali mengi kuhusu mashine za kutafutia metali, zile ambazo vijana huziita ditekta. Wapo wanaozitaka kwa kujifurahisha tu, watafute sarafu za kale na pete zilizopotea mashambani. Wapo wanaozinunua kwa matumaini ya dhahabu, kwa kuwa wamesikia habari za Buhweju na Busia upande wa Uganda, na za Geita upande wa Tanzania. Na wapo, tuseme kweli, waliotufikia wakiwa wamekwisha kutapeliwa. Tumeona vema kueleza jambo hili kwa wakazi wa Mutukula na vijiji vya pande zote mbili za mpaka, maana katika ardhi yetu kosa la kununua vibaya hugharimu fedha, ila kosa la kuchimba vibaya laweza kugharimu maisha.

Tuanze na mashine yenyewe. Mwishoni mwa fimbo yake kuna sahani ya duara, na ndani ya sahani hiyo umezungushwa waya wa shaba uitwao koili. Umeme wa betri ukipita katika koili huzaa uga wa sumaku unaoshuka ardhini. Uga huo ukikutana na kipande cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme. Mikondo hiyo nayo huzaa uga wake dhaifu, ambao mashine huupokea na kuugeuza kuwa mlio. Hayo ndiyo yote. Mashine haiijui dhahabu wala haiijui fedha. Inajua tu kwamba chini ya sahani pana kitu kinachopitisha umeme. Kwa namna kitu hicho kinavyojibu yaweza kukisia kama ni chuma au si chuma, lakini hata hapo hukosea. Punje ya dhahabu na kipande cha karatasi ya aluminiamu kutoka pakiti ya sigara vyaweza kutoa mlio mmoja.

Kina nacho kina mpaka wake. Sarafu ikiwa imelala vizuri, mashine njema huisikia kwa kina cha sentimita 20 hadi 30 hivi. Punje ya dhahabu yenye ukubwa wa punje ya mchele husikika kwa sentimita chache tu. Vitu vikubwa, kama vile sufuria au debe, husikika chini zaidi. Basi atakayekuambia kwamba kifaa chake huona dhahabu iliyo chini ya mita 30, au iliyo ng'ambo ya kilima, huyo hauzi mashine, anauza maneno.

Maneno hayo yana soko. Mwananchi mmoja alitufikia kituoni na kifaa chenye antena mbili zinazoyumba, alichoambiwa kuwa huelekea palipo na dhahabu. Alikuwa ameuza ng'ombe watatu. Tulikifungua mbele yake, na ndani hamkuwa na koili wala chochote cha kupokea mawimbi. Hatukumcheka, maana hata vyombo vya usalama vimewahi kuangukia mtego huo huo. Katika mwaka 2013 mahakama mjini London ilimhukumu mfanyabiashara James McCormick kifungo cha miaka 10 kwa kuuza kifaa kiitwacho ADE 651, kilichosemwa kuwa hugundua mabomu. Kilikuwa na mkono wa kushikia na antena inayozunguka ovyo. Asili yake ni kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Serikali ya Iraki ilikinunua kwa mamilioni ya dola, na askari wakakitumia kwenye vizuizi vya barabarani huku magari yenye mabomu yakipita. Kwa hiyo ukiona fimbo inayoyumba bila koili, weka fedha yako mfukoni uondoke.

Ulaghai wa pili ni wa nakala bandia. Mashine za Minelab ya Australia, hasa zile za kutafutia dhahabu kama GPX 5000, zimeigizwa sana na nakala zake kuuzwa katika nchi nyingi za Afrika. Kwa sura hutazitofautisha: rangi ni ile ile, jina ni lile lile, sanduku ni lile lile. Kinachozifichua ni namba ya usajili iliyobandikwa kwenye mashine, ambayo kampuni yenyewe yaweza kuithibitisha, na bei iliyo chini mno. Nunua kwa wakala anayetambuliwa na kampuni. Dai risiti: upande wa Uganda iwe ya EFRIS, upande wa Tanzania iwe ya EFD. Muuzaji anayekataa kutoa risiti amekwisha kukujibu swali lako. Risiti hiyo itakufaa tena pale forodhani, kwa kuwa mashine inayovuka mpaka wetu hutakiwa kuelezwa kwa maofisa wa ushuru, na asiye na karatasi hupoteza siku nzima akijieleza.

Kuna mashine za namna mbili. Ya kwanza hutoa mawimbi mfululizo; hutenganisha chuma na metali nyingine kwa kiasi cha kuridhisha, ni nyepesi, na bei yake ni nafuu. Yenye masafa ya juu, kama kilohezi 45 za Gold Monster 1000, husikia punje ndogo za dhahabu. Yenye masafa ya chini zaidi hufaa kwa sarafu. Ya pili hutoa mapigo ya mkato, na huenda chini zaidi katika udongo wenye madini mengi ya chuma, lakini ni dhaifu katika kutenganisha: itakulilia kwa msumari kama itakavyolia kwa dhahabu, nawe utachimba misumari mpaka kiuno kiume. Kwa anayeanza, na kwa anayetafuta burudani tu, ile ya kwanza inatosha.

Kabla ya kulipa, ijaribu. Vua saa na pete, weka mashine mbali na simu na mabati, kisha pitisha mbele ya koili sarafu ya shilingi 500, pete ya dhahabu ya mtu aliye karibu, msumari wa inchi sita na kizibo cha soda. Sikiliza tofauti za milio. Muuzaji mwaminifu hatakuharakisha.

Ukishafika nyumbani, unganisha fimbo kwa urefu utakaokuwezesha kusimama wima bila kuinama. Waya wa koili uuzungushe kwenye fimbo na kuukaza, kwa sababu waya unaoning'inia huleta milio ya uongo. Chaji betri ijae. Washa mashine mahali pasipo na nyaya za umeme juu, nenda mahali ambapo hapalii chochote, kisha usawazishe mashine na udongo: koili huinuliwa na kushushwa juu ya ardhi mara kadhaa, ama kwa kubonyeza kitufe kinachofanya kazi hiyo chenyewe, hadi mlio wa udongo unyamaze. Hatua hii watu huiruka, kisha hulalamika kwamba mashine ni mbovu. Udongo wetu mwekundu una chuma kingi, na mashine isiyosawazishwa hulia kila hatua. Usikivu nao usiupandishe hadi mwisho kwa tamaa. Upandishe mpaka kelele zianze, halafu urudishe nyuma kidogo. Tembeza koili polepole, sambamba na ardhi, sentimita mbili au tatu juu yake, kila mpito ukifunika sehemu ya mpito uliotangulia. Fukia sarafu uani mwako kwa vina mbalimbali ufanye mazoezi kwa wiki moja kabla ya kwenda kokote.

Sasa tunafikia jambo lililotufanya tuandike. Mashine nyingi zina kitufe cha kuchuja chuma. Ukikiwasha, mashine hunyamaza juu ya misumari, mapanga yaliyovunjika na vyuma vya baiskeli. Ni raha kubwa. Lakini ganda la kombora la mzinga ni chuma. Ukiwasha kitufe hicho, koili yaweza kupita juu ya kombora bila kulia, nawe ukashusha jembe hatua moja pembeni ukidhani ardhi ni safi. Tena ziko aina za mabomu ya kutegwa ambazo zimetengenezwa kwa plastiki, zenye metali kidogo mno, na mashine ya kujifurahisha haziwezi. Kwa hiyo ukimya wa mashine hauthibitishi kwamba mahali ni salama, na mashine hii kamwe isitumike kukagulia mabomu, hata kama mwenyewe anajiona hodari.

Wazee wa hapa wanakumbuka kwa nini tunasema hivi. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka kuingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Januari 1979 majeshi ya Tanzania yaliutwaa Mutukula, na mji ukabomolewa. Kisha vita vikasogea kuelekea Masaka na Lukaya, hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili. Zilipigwa bunduki, mizinga, na zile roketi ambazo raia walizipa jina la Saba Saba. Katika vita vyovyote vya namna hiyo sehemu ya makombora huanguka bila kulipuka. Kombora la aina hiyo haliozi kama gogo. Ganda lake hushika kutu, lakini baruti iliyomo hudumu miongo mingi, na fyuzi yake yaweza kuwa nyepesi kuliko siku ilipotoka kiwandani. Uganda ilitangaza Desemba 2012 kwamba imemaliza kusafisha maeneo yaliyojulikana kuwa na mabomu ya kutegwa. Neno la kushika hapo ni "yaliyojulikana".

Mchungaji wa ng'ombe hupita juu ya ardhi hiyo miaka 40 bila madhara kwa sababu hachimbi. Mwenye mashine huenda pale pale palipo na metali na kuchimba. Hiyo ndiyo tofauti.

Basi tunashauri hivi. Kabla ya kuanza, waulize wazee wa kijiji mahali palipokuwa na mahandaki, kambi au maghala ya silaha, na maeneo hayo uyaache kabisa. Unapotafuta, kitufe cha kuchuja kiwe kimezimwa, ili usikie kila kitu kilicho chini yako. Mlio ukiwa mpana kuliko koili yenyewe, au ukiendelea hata unapoinua koili hadi usawa wa goti, jua kwamba kilichopo chini ni kikubwa na kipo karibu. Mtafuta hazina hufurahi anaposikia mlio wa namna hiyo. Sisi tunamwomba aondoke. Kwa milio midogo, usipige jembe moja kwa moja. Chimba kwa kijiko cha bustani ukianzia pembeni, ukiondoa udongo kidogo kidogo.

Ukiona umbo la mviringo lenye mapezi, mkia, mshipi wa shaba au kutu ya rangi ya kijani, acha palepale. Usiguse, usifukie, usimwagie maji, usichome moto. Rudi kwa njia uliyoijia, weka alama kwa matawi au kitambaa mbali na mahali penyewe, zuia watoto na mifugo, kisha umwarifu mwenyekiti wa LC1, au mwenyekiti wa kitongoji kwa walio upande wa Tanzania, na kituo cha polisi kilicho karibu. Kwa upande wa Uganda piga 999 au 112. Wataalamu wa kutegua mabomu watakuja. Hutatozwa chochote wala hutashitakiwa kwa kutoa taarifa. Zaidi ya yote, usikibebe kwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Tunajua kwamba chuma kizito hulipwa vizuri kwenye mzani, na tunajua pia kwamba wanaokipokea hukigonga kwa nyundo.

Kuhusu sheria tutasema kwa ufupi. Nchini Uganda madini yote ni mali ya taifa, hata yakiwa chini ya shamba lako, na Sheria ya Madini ya mwaka 2022 inamtaka anayetafuta au kuchimba dhahabu awe na leseni, ikiwemo leseni ya mchimbaji mdogo. Tanzania nayo inadai leseni, na leseni ya upande mmoja haikupi ruhusa ya upande wa pili. Vitu vya kale vinalindwa na sheria katika nchi zote mbili. Mahali kama Ntusi na mahandaki ya Bigo bya Mugenyi si pa kupitishia mashine kabisa, na atakayekutana na vitu vya kale shambani kwake atoe taarifa kwa mamlaka badala ya kuviuza. Shamba la jirani ni la jirani: omba ruhusa, ikiwezekana kwa maandishi mbele ya mwenyekiti, na mkubaliane mapema kitakachopatikana kitakuwa cha nani. Ugomvi tuliousuluhisha juu ya mashine hizi ulianza mara nyingi kwa kukosa makubaliano hayo, na shimo lililoachwa wazi likamvunja ndama mguu.

Aliyekwisha kununua na ana mashaka na mashine yake ailete kituoni siku yoyote ya kazi. Katika dawati la polisi jamii tumeweka msumari, sarafu, kizibo cha soda na kipande cha karatasi ya sigara. Majaribio hayamalizi hata robo saa, na hayalipiwi.