Ukali wa Mbwa na Chanzo Chake

Katika Dar es Salaam, Nairobi na miji yetu mingine mingi, ni ada kuona kibao kimegongomewa langoni kumwonya mpita njia kwamba ndani yumo mbwa mkali, na mwenye nyumba aghalabu huionea fahari sifa hiyo, akidhani kwamba ukali ni ushujaa, na kwamba mbwa amrukiaye kila ajaye ndiye mlinzi wa kutumainiwa. Dhana hii yataka kuchunguzwa, maana mara nyingi wanaoumwa na mbwa wa nyumbani ni watoto wanaomjua, majirani, na watumishi wanaomtilia chakula, wala si wezi.

Mbwa haumi pasipo sababu, ijapokuwa sababu yenyewe huenda ikafichika machoni petu, na iliyo kubwa miongoni mwa sababu hizo ni hofu. Mbwa aliyefungwa mnyororo tangu alfajiri hata magharibi hana pa kukimbilia akitishwa, basi hushambulia. Na akiona kwamba aliyemtisha amerudi nyuma, hujifunza kuwa meno ndiyo yanayomletea amani, na funzo hilo halimtoki upesi. Sababu ya pili ni maumivu: sikio lenye usaha, jino bovu, au nyonga yenye maradhi humgeuza hata mnyama mpole, kwa hiyo mbwa aliyebadilika tabia ghafula hupelekwa kwanza kwa daktari wa mifugo, kabla ya kuhukumiwa. Wako pia wanaolinda mfupa wao, na majike waliozaa wanaolinda watoto wao.

Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi miaka mingi huko Bar Harbor katika jimbo la Maine na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walibainisha kwamba mbwa ana muda mfupi wa utotoni, yapata tangu juma la 3 hata la 12, ambao ndani yake huwazoea watu na mambo ya dunia kwa wepesi asioupata tena. Wengi wetu hutenda kinyume: mtoto wa mbwa hufungiwa bandani asione watu, ili akue mkali. Anayekua hivyo huwa mwoga, na ukali wake wote ni woga uliopata meno.

Kabla ya kuuma, mbwa hutoa ilani. Hugeuza uso pembeni, hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo ilhali hana usingizi, weupe wa macho yake huonekana, mwili hukakamaa. Kisha hunguruma, kisha huonyesha meno. Ampigaye mbwa kwa kunguruma huifuta ilani na kuiacha hofu mahali pake, na siku nyingine mbwa yule huuma kimya, watu wakastaajabu wakisema ameuma ghafula. Napenda kila mzazi awafunze wanawe ishara hizi, na kuwakataza kumkumbatia mbwa alaye au alalaye.

Mazoea ya kumvunja mbwa kwa kipigo yalipata nguvu kutokana na elimu iliyokwisha kusahihishwa. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alitangaza uchunguzi wake juu ya mbwa mwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, na kutokana na ugomvi wa mahabusi wale ikaenea rai kwamba kila mbwa anawania utawala. David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilisaidia kuieneza rai hiyo, baadaye aliwafuata mbwa mwitu walio huru kisiwani Ellesmere, kaskazini mwa Kanada, na mwaka 1999 aliandika kwamba kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, wala si wapinzani wanaowania utawala. Namstahi sana mwanachuoni wa namna hiyo, anayejisahihisha mwenyewe.

Dawa ya hofu ni taratibu na subira. Mbwa huwekwa mbali na kinachomtisha, umbali ambao anakiona bila kufadhaika, naye hupewa kipande cha nyama kila kinapotokea. Siku zikipita, umbali hupunguzwa kidogo kidogo, na akianza kukakamaa hurudishwa nyuma. Wakati huohuo hulishwa peke yake, huvishwa kifungo cha mdomo mbele ya wageni, wala haachwi na mtoto mdogo pasipo mtu mzima. Kumhasi huweza kupunguza baadhi ya ugomvi, lakini hakuondoi hofu.

Naye aliyeumwa asingoje. Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na jeraha ni dogo, kwani kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakina tiba, na kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani hadi asilimia 99 ya binadamu wanaougua huambukizwa na mbwa. Chanjo ya mbwa ipo, na tarehe ya kuirudia huandikwa na daktari wa mifugo.