Mchele wa zinki watangulia sokoni

Mchele mweupe unaopendwa na wanunuzi una upungufu usioonekana. Mpunga ukikobolewa na kung'arishwa kinuni, sehemu kubwa ya madini ya chuma huondoka na pumba. Kilo moja ya mchele huo hubaki na miligramu 2 hivi za chuma na 16 za zinki.

Kwa upande wa zinki, Bangladesh ilitangulia mwaka 2013 kwa kuidhinisha BRRI dhan62, mbegu ya kwanza duniani ya mpunga wenye zinki nyingi. Ilipatikana kwa uzalishaji wa kawaida wa mbegu, nayo hukomaa kwa siku 100 hivi.

Chuma kimehitaji kazi zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mpunga, IRRI, na wenzao walitangaza mpunga wa IR64 uliotiwa jeni mbili, moja ya mpunga na nyingine ya soya. Katika mashamba ya majaribio ya Ufilipino na Kolombia, kilo ya mchele uliong'arishwa ilifikia miligramu 15 za chuma na 45.7 za zinki.

Kwa mkulima, hesabu haijabadilika. Madini hayaonekani kwa macho na mnunuzi hulipia kilo. Mbegu isiyojaza gunia, hata iwe na madini kiasi gani, itabaki ghalani.