Vyuo vya Wazee Viko Wapi?

Wazee wa pwani waliandika tenzi na mashairi yao kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, nao kila kitabu wakakiita chuo. Vyuo hivyo vilikaa nyumbani mwa watu. Je, vimekwenda wapi? Na tuifuate njia yake.

Dr. Krapf, yule aliyepanda milima yetu mwaka 1848 akaonana na Mfalme Kimweri huko Vuga, alipata tenzi pwani. Mwaka 1854 alizipeleka Ujerumani, zikawekwa katika maktaba mjini Halle. Mojawapo ni Chuo cha Herekali.

Tena, Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu tu. Mwalimu Sikujua wa Mombasa akayakusanya, akiyaandika, naye Kasisi W. E. Taylor akayahifadhi pamoja na maelezo. Taylor alifariki mwaka 1927. Karatasi zake sasa zimo katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika huko London. William Hichens alizitumia, na Diwani ya Muyaka ikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940, miaka mia baada ya kufa kwake mtungaji!

Basi tuseme nini? Waliovichukua vyuo waliviokoa na mchwa, twashukuru. Lakini kwa muda mrefu mtoto wa Mombasa aliyetaka kuuona mwandiko huo wa wazee wake alilazimika kuvuka bahari. Kwa hiyo ilifaa sana Bwana J. W. T. Allen kukusanya miswada ya pwani katika miaka ya 1960, ikawekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nasi wa milimani tusidhani kwamba jambo hili ni la pwani tu. Sandukuni mwa babu zimo barua, daftari za mahubiri, na hadithi za Kisambaa. Zisifungiwe chumvi, wala zisiwashiwe moto. Mgeni akiziomba, kwanza zinakiliwe. Mwalimu na aandike mwishoni jina la mwenyewe, mahali na mwaka, kwa maana chuo kisicho na jina kikipotea hakitafutiki.

Mtume Paulo, hata kifungoni, aliagiza aletewe vitabu vyake. Alijua viliko, na aliyekuwa navyo. Je, sisi twajua?