Rangi za Ua la Usambara

Saintpaulia, ua la chunguni linalopendwa sana madirishani Ulaya na Marekani, asili yake ni miamba yenye kivuli ya Usambara Mashariki na kandokando ya Tanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa bustani za Herrenhausen huko Ujerumani, akaliita *Saintpaulia ionantha*.

Porini ua hili huwa la buluu iliyoingia zambarau. Rangi hiyo hutokana na anthosianini, kemikali zilizoyeyuka katika maji yaliyomo ndani ya seli za petali. Mmea huzitengeneza hatua kwa hatua. Kila hatua ina kimeng'enya chake, na kila kimeng'enya kina jeni inayoagiza kitengenezwe. Kimojawapo ndicho kinachoelekeza kazi kwenye malvidini, kemikali ya buluu. Jeni yake ikiharibika, mmea hutengeneza pelagonidini au peonidini, na ua huwa la waridi. Hatua za mwanzo zikikwama, rangi haipatikani kabisa na ua huwa jeupe.

Mmea hurithi nakala mbili za jeni, moja kwa kila mzazi, na nakala moja nzima yatosha kuleta buluu. Kwa hiyo mmea wa buluu wenye nakala mbili nzima ukizalishwa na mmea wa waridi, watoto wote huwa wa buluu. Wakizalishwa wenyewe kwa wenyewe, takriban mjukuu mmoja kati ya wanne huwa wa waridi. Yaani rangi inaweza kujificha kizazi kizima bila kupotea.

La ajabu zaidi ni aina iitwayo 'Thamires', yenye petali za waridi zilizotapakaa madoa ya buluu. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walieleza chanzo chake: kipande cha DNA kinachohamahama kimejipachika kando ya jeni ya buluu na kuizima. Katika seli ambamo kipande hicho kimechomoka, jeni huamka na doa la buluu hutokea.

Aina nyingi mno za bustanini zimetokana na mimea michache ya Tanga, ilhali urithi mpana zaidi ungali porini, mathalani katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Miti ikikatwa, jua hukausha miamba na mimea hiyo hufa. Misitu ya Usambara ilindwe.