Mazingira: Miaka Mitatu au Minne?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi hufungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na kuanza kusaka ada. Kwa anayetaka kusoma mazingira, hesabu hukosewa hapo hapo, maana ada hazipishani sana. Shahada ya sayansi katika vyuo vikuu vya umma huzunguka shilingi milioni 1.2 hadi 1.5 kwa mwaka, uende Sokoine kule Morogoro au Ardhi pale Survey, Dar es Salaam. Kinachopishana ni jina la shahada na bodi itakayokupokea ukimaliza.

Chukua Ardhi peke yake. Kuna sayansi na usimamizi wa mazingira, miaka mitatu. Kuna uhandisi wa mazingira, miaka minne. Mwaka huo wa nne unauma. Bumu, yaani mkopo wa mwanafunzi wa chakula na malazi, lilipanda mwaka 2022 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Kwa kiwango hicho miezi minane ni milioni 2.4, ongeza ada, unakaribia milioni nne. Na mwenye geto Makongo atakuambia elfu kumi haifiki jioni.

Lakini mhandisi ana ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Huandikishwa akiwa mhitimu, hupitia miaka mitatu ya mafunzo kazini chini ya mpango wa SEAP, kisha huomba usajili kamili. Anasanifu mabwawa ya majitaka, mitandao ya maji, madampo. Mamlaka za maji haziwezi kumkwepa. Wa sayansi na usimamizi anaitegemea zaidi sheria. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na afisa mazingira, na miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla haijaanza. Ndiyo iliyozaa soko la washauri wanaoandika ripoti za kupeleka NEMC, baraza la taifa la mazingira. Soko lipo, ila ripoti husainiwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Mhitimu mpya hubeba kipima kelele, hukusanya maoni ya wanakijiji, huandika sura nzima isiyo na jina lake. Halmashauri nazo huhitaji maafisa wachache, na nafasi ikitokea Ajira Portal, tovuti ya ajira serikalini, mnaigombea na wenye shahada za jirani.

Mimi ningesema hivi: hesabu na fizikia zikikuruhusu, lipa mwaka wa nne. Ukimaliza mitatu ukakosa kazi, mwaka mzima wa kujitolea ofisini, ukila kwa shangazi na kupanda daladala mbili asubuhi, mbili jioni, nao una bei yake, na mara nyingi huishia barua ya utambulisho.

Uliyetoka CBG (kemia, baiolojia na jiografia) usiulazimishe uhandisi. Kwako ningeitazama Sokoine. Maisha ya Morogoro ni nafuu kuliko ya Dar, na kituo cha taifa cha kufuatilia hewa ukaa kiko chuoni humo. Wahadzabe wa Yaeda Chini na vijiji vya wilaya ya Tanganyika, Katavi, tayari wanauza kaboni ya misitu yao, na kanuni za biashara hiyo zilitoka 2022. Kazi hiyo inataka watu wa kupima miti na kusoma picha za satelaiti. Usingoje mhadhiri akufundishe GIS, uchoraji wa ramani kwa kompyuta, mwaka wa tatu. Programu ya QGIS ni ya bure, tafuta laptop inayovumilia na bando.

Chuo Kikuu Huria nacho kina shahada ya mazingira, na kina vituo mikoani. Huko ningempeleka aliye kazini tayari: bwana afya wa kata, mwalimu, msimamizi wa usalama mgodini anayehitaji shahada ili apande daraja. Anasoma huku mshahara unaingia. Kijana wa miaka 19 asiye na kazi atavutwa na unafuu huo huo, kisha akose wenzake wa kumnong'oneza wapi pana fildi, yale mafunzo kwa vitendo.

Na fildi ndiyo ya kuulizia kabla hujathibitisha udahili. Watafute wa mwaka wa mwisho, uwaulize walikwenda wapi. Wakikutajia kiwanda, mgodi au mamlaka ya maji, thibitisha. Wengi wakikutajia ofisi ya kata ya kwao, rudi kwenye mwongozo.