Shahada ya Chuo Kikuu na Viza ya Kazi: Pointi Huhesabiwaje?

Vijana wengi wa Kaunti ya Wajir waliohitimu vyuo vikuu wanatamani kufanya kazi nje ya nchi, na swali la kwanza huwa ni kama shahada inatosha kupata viza. Jibu ni hapana. Katika nchi zinazotumia mfumo wa pointi, shahada ni sehemu moja tu ya hesabu, na kila nchi huipima kwa njia yake. Kabla ya familia kuuza ngamia au kuchangisha jamaa ili kumlipa wakala, ni vyema mhitimu ajue pointi zake ni ngapi na zinatoka wapi.

Mfumo huu si mgeni kabisa kwa waliopitia KUCCPS. Mwanafunzi haingii kozi ya udaktari kwa kuwa na alama nzuri ya Kiswahili pekee. Alama za masomo manne hujumlishwa, kisha hulinganishwa na za wenzake. Viza za pointi hufanya vivyo hivyo, ila badala ya masomo huangalia umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi.

KANADA: POINTI 67 KWA 100

Kanada imekuwa ikipokea maombi ya wafanyakazi wenye ujuzi kupitia mfumo wa Express Entry tangu Januari 2015. Anayeomba kupitia mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi walio nje ya Kanada anahitaji angalau pointi 67 kati ya 100. Elimu ina pointi zisizozidi 25, zikigawanywa hivi:

• Cheti cha shule ya upili: pointi 5
• Masomo ya mwaka mmoja baada ya sekondari: pointi 15
• Masomo ya miaka miwili: pointi 19
• Shahada ya kwanza, au masomo mengine ya miaka mitatu na zaidi: pointi 21
• Shahada ya uzamili: pointi 23
• Shahada ya uzamivu: pointi 25

Lugha ya kwanza ya mtihani, Kiingereza au Kifaransa, ina hadi pointi 24. Umri una hadi 12, na uzoefu wa kazi hadi 15. Pointi nyingine hutokana na kuujua vizuri Kiingereza pamoja na Kifaransa, kuwa na ofa ya kazi iliyokubaliwa, au kuwa na jamaa wa karibu anayeishi Kanada akiwa raia au mkazi wa kudumu.

Chukua mfano wa mhitimu wa miaka 28 kutoka Tarbaj au Habaswein, mwenye shahada ya kwanza na miaka mitatu ya kazi ya kitaaluma. Shahada inampa 21, umri 12 na kazi 11. Akipata 6.0 katika kila sehemu ya mtihani wa IELTS wa aina ya General Training, anaongezewa 16. Jumla ni 60, naye hajafikia kiwango. Akirudi darasani miaka miwili kusomea uzamili, ataongeza pointi 2 tu. Lakini akijiandaa vizuri zaidi kwa mtihani wa lugha, apate 8.0 kwenye kusikiliza na 7.0 katika kusoma, kuandika na kuzungumza, pointi za lugha zinapanda hadi 24. Jumla inakuwa 68, na amevuka.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Karo ya shahada ya pili ni kubwa na faida yake katika jedwali hili ni ndogo, ilhali mtihani wa siku chache unaweza kumvusha mtu au kumzuia. Matokeo ya mtihani hutumika kwa miaka miwili pekee, kwa hivyo haufai kufanywa mapema mno kabla karatasi nyingine kuwa tayari.

Mambo mawili zaidi yanafaa kukumbukwa. Kwanza, uzoefu unaohesabiwa ni wa kazi yenye malipo. Kujitolea hakuna pointi. Barua ya mwajiri inayotaja kazi, tarehe, saa na mshahara ni muhimu. Pili, kupata 67 si kupata viza. Waombaji huorodheshwa upya kwa kipimo kingine cha hadi pointi 1,200, na wanaoalikwa ni wale wa juu au wale wa fani zinazohitajika wakati huo.

UINGEREZA: MWAJIRI KWANZA

Uingereza huhitaji pointi 70, lakini shahada ya kwanza yenyewe haina pointi. Pointi 20 hutokana na kuwa na mwajiri aliyeidhinishwa kudhamini wafanyakazi, 20 ni za kiwango cha kazi, 10 za Kiingereza na 20 za mshahara. Bila ofa ya mwajiri hakuna la kuhesabu.

Hata hivyo, shahada inasaidia kwa njia nyingine. Tangu tarehe 22 Julai 2025, kazi nyingi zinazokubaliwa ni zile za kiwango cha shahada, na siku hiyo hiyo mlango wa kuajiri wahudumu wa wazee na wagonjwa kutoka ng'ambo ulifungwa. Mshahara wa kawaida unaohitajika ulipandishwa hadi pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa wauguzi na wahudumu wengine wa afya wana viwango vyao. Mwenye uzamivu unaohusiana na kazi yake hupata pointi 10, au 20 ikiwa ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati, na huweza kukubaliwa kwa mshahara wa chini kidogo.

Wakala anayeendelea kuuza nafasi za kuhudumia wazee Uingereza kwa mtu aliye Wajir anauza kitu ambacho hakipo tena.

UJERUMANI NA AUSTRALIA

Tangu tarehe 1 Juni 2024 Ujerumani ina Chancenkarte, yaani kadi ya fursa, inayomruhusu mtu kuingia na kutafuta kazi kwa hadi mwaka mmoja. Mwenye shahada iliyotambuliwa kikamilifu Ujerumani hahitaji pointi. Wengine wanahitaji pointi 6, pamoja na shahada au mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na nchi walikosomea, na Kijerumani cha kiwango cha A1 au Kiingereza cha B2. Mtu asiyezidi miaka 35 hupata pointi 2, na mwenye miaka mitano ya kazi katika fani yake hupata 3. Lazima pia aonyeshe fedha za kujikimu.

Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Mkataba huo hautaji idadi ya nafasi, na haumwondolei mtu yeyote masharti haya.

Australia huhitaji angalau pointi 65 na umri usiofika miaka 45. Stashahada ina pointi 10, shahada ya kwanza 15, na uzamivu 20. Uzamili hauongezi chochote juu ya shahada ya kwanza: nao ni 15.

CHETI LAZIMA KITHIBITISHWE

Shahada huanza kuhesabiwa pale tu inapothibitishwa. Kanada hutaka tathmini ya vyeti kutoka shirika lililoteuliwa, na tathmini hiyo hutumika kwa miaka mitano. Mara nyingi chuo hutakiwa kutuma transkripti moja kwa moja, si kupitia kwa mwombaji.

Waliosoma Garissa wakati bado ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kabla ya kupata hati yake ya kujitegemea mwaka 2017, wakague jina la chuo kwenye cheti chao. Kama shahada ilitolewa na Moi, maombi ya transkripti hupelekwa Eldoret. Waliosoma nje ya Kenya wahakikishe kuwa chuo chao kinatambuliwa na mamlaka ya nchi hiyo.

Tatizo linalowasumbua wengi kaskazini mashariki ni majina. Mtu mmoja anaweza kuwa Mohamed kwenye kitambulisho, Mohammed kwenye cheti cha KCSE na Muhumed kwenye shahada, au jina la babu likakosekana kwenye karatasi moja. Kwa ofisa aliye Ottawa au London, hao ni watu watatu. Marekebisho au hati ya kiapo yashughulikiwe mapema, kabla ya kuomba pasipoti na tathmini, kwa sababu huchukua muda.

Wauguzi, walimu, wahandisi na wanasheria wakumbuke pia kwamba viza si leseni. Mara nyingi uthibitisho wa uhamiaji haumruhusu mtu kufanya kazi hizo hadi asajiliwe na bodi ya taaluma ya huko anakokwenda.

TAHADHARI

Hakuna wakala anayeweza kununua au kuongeza pointi. Cheti bandia au barua ya kazi ya uongo humfungia mwombaji mlango wa Kanada kwa miaka 5, na Uingereza huweza kumzuia kwa miaka 10. Wakala wa ajira anayefanya kazi Kenya anapaswa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA). Kwa maombi ya Kanada, anayelipwa kutoa ushauri lazima awe wakili au mshauri mwenye leseni ya huko.

Masharti hubadilika mara kwa mara. Mwombaji asome tovuti rasmi ya serikali ya nchi husika na ajihesabie pointi mwenyewe. Hesabu hiyo haina malipo, na ifanywe kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni.