Je, Wajua? Farasi Mwitu wa Kenya Hutambuliwa kwa Ubavu wa Kulia

Mkazi wa Eldoret anayetamani kupiga picha za farasi mwitu chini ya wingu la mvua hana haja ya kusafiri hadi jangwa la Namib. Akishuka Iten, akavuka Bonde la Kerio na kuendelea mashariki hadi nchi kame ya Samburu, atamkuta punda milia wa Grevy, mkubwa kuliko wanyama wote wa porini wa ukoo wa farasi. Dume huweza kufikia kilo 450. Ana masikio mapana ya mviringo, milia myembamba, na tumbo jeupe lisilo na mlia hata mmoja. Jina lake linatokana na Jules Grévy, Rais wa Ufaransa, aliyepelekewa mmoja kutoka Ethiopia mwaka 1882.

Hakuna wawili wenye milia sawa. Hata mbavu za mnyama mmoja hazifanani. Ndiyo sababu katika sensa za Januari 2016 na 2018 raia wa kawaida walitoka na kamera zinazorekodi mahali, wakapiga ubavu wa kulia tu, kisha kompyuta ikalinganisha milia ili asihesabiwe mmoja mara mbili. Hesabu ya 2016 ilikadiria 2,350 hivi nchini Kenya. Ya 2018, zaidi ya 2,800. Ni wachache mno: miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa 15,000 hivi katika Pembe ya Afrika nzima.

Wingu jeusi nyuma yao hupendeza sana, ila huihadaa kamera. Ikiona giza tele, huongeza mwanga yenyewe, na milia myeupe huungua ikawa doa moja lisilosomeka. Punguza mwanga kwa mkono wako. Picha itapendeza zaidi, na mtafiti ataweza kuitumia.

Radi nayo si ya kuchezea. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ngurumo ikifuata mmweko kabla ya sekunde 30, ingia garini na ufunge madirisha, maana bodi ya chuma huupitisha umeme nje yako hadi ardhini. Kupigia picha ndani ya gari kunatosha kabisa, na mnyama hashtuki.

Basi ukifika Samburu, subiri ageuke. Piga ubavu wa kulia, andika mahali na tarehe, kisha wapelekee wahifadhi wa huko.